Kompyuta Moja Ikisuasua: Mshukiwa wa Kwanza Yumo Nyumbani

Katika nyumba nyingi za askari wa jeshi na polisi wanaokaa Busia na Tororo, kompyuta imekwisha kupata mahali pake kando ya redio na televisheni. Mchana watoto huitumia kwa masomo yao; jioni askari aliyetoka zamu huketi mbele yake, akapumzisha akili kwa mchezo wa kandanda au wa mashindano ya magari. Hilo si jambo la kulaumiwa. Mtu aliyesimama lindoni saa nyingi anastahili burudani, na heri burudani ya nyumbani mbele ya watoto kuliko ile ya vilabuni, ambayo humaliza mshahara kabla mwezi haujafika nusu.

Lakini burudani hii imeleta malalamiko yake. Michezo mingi ya siku hizi hainunuliwi tena katika sahani za dukani. Hupakuliwa kwa njia ya intaneti, nayo ni mizigo mizito. Askari huanza kupakua jioni, hulala, huamka alfajiri, na kumbe kazi haijafika hata robo. Bando limekwisha, mchezo haupo, na watu wa nyumbani wanatazamana kwa jicho baya. Mmoja hudai kwamba kampuni ya simu imemwibia. Mwingine humshuku jirani. Wa tatu hukimbilia dukani kununua bando kubwa zaidi. Bandu bandu huisha gogo, nao mshahara wa askari si gogo kubwa.

Ndiyo maana tumeona yafaa leo kulieleza jambo hili kwa utaratibu. Polisi hamtii mtu pingu kabla ya kukusanya ushahidi, wala mwanajeshi hashambulii kilima kabla ya kupeleka wapelelezi mbele. Utaratibu huo huo ndio utakaotufaa hapa: kwanza kujua ukubwa wa mzigo, pili kujua njia unayopita, tatu kuwahoji washukiwa mmoja mmoja hadi mkosaji apatikane.

MZIGO NA MIZANI YAKE

Mwaka 1993 ulipotolewa mchezo wa Doom, ambao ulipata sifa duniani kote, uliweza kubebwa katika diski laini chache tu, kila moja yenye nafasi ya megabaiti 1.44. Mwaka 2015 ulipotolewa mchezo wa Grand Theft Auto V kwa ajili ya kompyuta, ulihitaji zaidi ya gigabaiti 60. Kama mchezo huo ungalitiwa katika diski zile za zamani, zingalihitajika zaidi ya diski 40,000. Basi anayepakua mchezo mkubwa na ajue kwamba haiti boda boda lenye abiria mmoja. Anaita msafara mzima wa malori.

Hapa ndipo kosa la kwanza la hesabu linapozaliwa. Makampuni ya intaneti huuza kasi kwa megabiti kwa sekunde. Programu za kupakulia michezo, kama vile Steam iliyoanzishwa na kampuni ya Valve ya Marekani mwaka 2003, kwa kawaida huonyesha kasi kwa megabaiti kwa sekunde. Majina haya yafanana kama mapacha, lakini baiti moja ni biti nane. Na tumchukue, kwa mfano, sajini mmoja wa Tororo, ambaye hatumpi jina kwa kuwa wako wengi wa namna yake. Amelipia megabiti 16. Skrini yamwonyesha megabaiti 2. Hukasirika na kusema kwamba ameibiwa sehemu saba katika nane za haki yake. Kumbe hajaibiwa hata senti moja: 16 ukigawa kwa 8 ni 2, naye anapata kamili alicholipia.

Hesabu hii yafaa ifanywe kabla ya kuanza kazi yoyote. Mwenye laini ya megabiti 8 hupokea megabaiti 1 kila sekunde, kama mambo yote ni mazuri. Mchezo wa gigabaiti 50 utamchukua sekunde 50,000, yaani karibu saa 14. Ikiwa kompyuta yake inamaliza kazi hiyo kwa saa 15 au 16, hapana ugonjwa wa kutafuta. Kilichopo ni mzigo mkubwa na njia nyembamba. Lakini ikiwa baada ya saa 14 hata robo haijafika, hapo pana kesi, na jalada lifunguliwe.

NJIA KUTOKA BAHARINI

Wakazi wa Busia na Malaba wanaijua vizuri safari ya mizigo. Lori hutoka bandarini Mombasa, likapita Nairobi, likafika mpakani na kujiunga na foleni. Intaneti nayo hufuata safari iliyo karibu na hiyo. Hadi mwaka 2009 sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na dunia ilipita katika setilaiti zilizo umbali wa kilomita karibu 36,000 juu ya ardhi, kwa gharama kubwa na kwa uzito wa kobe. Mwaka huo mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa, na mwaka uliofuata ukaanza kazi mkongo wa EASSy. Kutoka pwani, nyuzi za kioo zikavuka nchi hadi mpakani na kuingia Uganda.

Njia ndefu huwa na ajali zake. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na intaneti ikadhoofika Kenya, Uganda, Tanzania na kwingineko. Siku kama hiyo, mtu aliyefungua kompyuta yake kwa bisibisi alijichosha bure. Ajali ilikuwa chini ya bahari, wala si chini ya meza yake.

Basi swali la kwanza la mpelelezi ni hili: je, ugonjwa uko njiani au uko nyumbani? Jibu lake halihitaji fundi. Simamisha upakuaji. Chukua simu iliyounganishwa na ruta ile ile, iweke kando ya kompyuta, kisha pima kasi ya vyombo vyote viwili, kimoja baada ya kingine, katika saa ile ile na kwa tovuti ile ile ya kupimia. Msifanye mchezo na kipimo hiki pia, kwani kila kipimo hula bando. Viwili au vitatu vyatosha. Kama simu na kompyuta vyote vinasuasua, shida iko kwenye laini, au kwenye ruta, au mbele zaidi. Kama simu inakimbia na kompyuta peke yake inatambaa, mshukiwa amekwisha kuonekana, naye yumo nyumbani. Kama vyote viwili vinakimbia katika kipimo lakini mchezo peke yake hauji, basi mwenye kuhojiwa ni programu ya kupakulia mchezo au duka lenyewe la michezo.

Kipimo hiki kirudiwe usiku wa manane au alfajiri. Mnara wa simu ni mali ya wengi. Jioni mji mzima ukiwa macho, kila mtu hupata sehemu ndogo. Laini inayosuasua saa mbili usiku na kukimbia saa kumi alfajiri si mbovu. Ina foleni tu, na dawa ya foleni ni kubadili saa.

HILA ZA MPAKANI

Busia ina jambo ambalo mtu wa Jinja au wa Nakuru halijui. Jina la mji ni moja, lakini nchi ni mbili, na mawimbi ya redio hayasimami kwenye kituo cha forodha kuonyesha pasi. Modemu yenye laini ya Uganda, ikiwa ndani ya nyumba iliyo karibu na mpaka, yaweza kuusikia mnara wa Kenya kwa nguvu kuliko wa kwao, ikajiunga nao bila kumwuliza mwenyewe. Na ya Kenya yaweza kufanya vivyo hivyo upande wa pili.

Matokeo yake ni mabaya mara mbili. Kwanza, chombo sasa kiko katika huduma ya ugenini, ambayo wengi huiita romingi, na bando lililonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani huenda lisihesabiwe. Fedha zikakatwa kwa bei nyingine. Pili, njia yarefuka. Kwa kawaida data ya mgeni hupelekwa kwanza kwenye mitambo ya kampuni iliyotoa laini, ndipo itoke kwenda duniani. Mzigo unaoshushwa Busia huwa umezungushwa nchi mbili kabla ya kufika mlangoni.

Ushahidi wa kosa hili ni rahisi kuupata. Fungua ukurasa wa modemu au mipangilio ya simu, utazame jina la mtandao uliounganishwa. Pengine utaona tarakimu badala ya jina: mitandao ya Uganda huanza na 641, na ya Kenya na 639. Mwenye laini ya Uganda akiona 639, amekwisha kumkamata mkosaji. Azime romingi ya data, kisha aondoe uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha na auchague mtandao wa kwao kwa mkono. Mkaaji wa Tororo mjini hili halimsumbui sana, lakini akihamishiwa Malaba au Busia na modemu yake, na akumbuke kuitazama tena.

NYUMBA YENYEWE

Askari polisi wengi wa Uganda wanazijua zile nyumba za mabati za mviringo, zilizopewa jina la utani la mama ingia pole. Bati ni adui wa mawimbi ya redio. Huyarudisha kama ukuta urudishavyo mpira. Modemu iliyowekwa katikati ya nyumba ya namna hiyo, juu ya kabati, nyuma ya sufuria, husikia mnara kwa shida. Ipelekwe dirishani, upande unaoelekea mnara, na isogezwe kidogo kidogo huku mtu akitazama nguvu ya mawimbi. Hatua mbili zaweza kuleta tofauti kubwa. Hali kadhalika kwa mkaaji wa Tororo ambaye jiwe lile kubwa la mji limesimama kati ya nyumba yake na mnara: asubiri mawimbi hafifu, atafute dirisha jingine, au ajaribu kampuni yenye mnara upande wake.

Kutoka ruta hadi kompyuta, njia iliyo bora ni kebo. Waifai ni nzuri kwa simu, lakini katika nyumba za askari zilizopangwa bega kwa bega, ruta za majirani hupigana kelele. Masafa ya gigahezi 2.4 yana njia tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Kama majirani wote wamekaa katika njia ya 6, hamieni ya 1 au ya 11. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi, ila hayapenyi kuta vizuri. Yafaa ikiwa ruta na kompyuta zimo chumba kimoja.

Kebo nayo ikaguliwe. Ndani yake mna jozi nne za nyaya. Jozi moja ikikatika kwa kukanyagwa na mguu wa kitanda, kompyuta yaweza kushuka kutoka kasi ya megabiti 1,000 hadi 100, au hata 10, bila kutoa sauti ya kulalamika. Jaribuni kebo nyingine kabla ya kumwita fundi.

KUMHOJI MSHUKIWA

Sasa tumefika ndani ya kompyuta. Kanuni ni moja: badilini jambo moja tu kwa wakati mmoja, pimeni, kisha andikeni katika daftari, kama yanavyoandikwa mambo katika kitabu cha matukio kituoni. Mtu anayebadili mambo matano kwa pamoja, hata akipona hatajua dawa ilikuwa ipi.

Mshukiwa wa kwanza ni mpangilio wa programu yenyewe. Ndani ya Steam, katika sehemu ya upakuaji, kuna mahali pa kuweka kikomo cha kasi. Mara nyingi mtoto au rafiki alikiweka siku moja ili atazame filamu, akasahau kukiondoa. Hapo hapo pana uchaguzi wa eneo la kupakulia. Kama kompyuta ililetwa kutoka ng'ambo na bado imeelekezwa huko, ichagulieni eneo la karibu. Kama eneo hilo limejaa watu, jaribuni la pili na la tatu. Pana pia kitufe cha kufuta akiba ya upakuaji, ambacho huondoa mabaki yaliyoharibika bila kugusa michezo iliyokwisha kuingizwa.

Mshukiwa wa pili ni wale wanaokula chakula jikoni kabla hakijafika mezani. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika Windows orodha ya kazi zote itatokea. Panga kwa matumizi ya mtandao. Huenda ikaonekana kwamba Windows inapakua marekebisho yake, au programu nyingine inapeleka picha za harusi kwenye hifadhi ya mbali. Windows ina hata utaratibu wa kugawia kompyuta nyingine marekebisho iliyoyapokea. Utazameni katika mipangilio ya marekebisho, na mkiona unawapelekea watu wa mbali kwa bando lenu, uzimeni.

Mshukiwa wa tatu ni diski. Faili za mchezo huja zimebanwa, na kompyuta huzifungua na kuziandika. Kwa laini ndogo, diski nzima yaweza kuhimili mapokezi bila taabu; lakini wakati wa kurekebisha mchezo uliokwishaingizwa, diski ya zamani ya kuzunguka hulemewa. Mchoro wa Steam huonyesha mtandao na diski kwa pamoja. Ukiona mtandao umeshuka hadi sifuri huku diski ikifanya kazi kwa nguvu, usiilaumu kampuni ya simu. Muwe na subira, muongeze nafasi tupu, na mkijaliwa mnunue diski isiyozunguka.

Mshukiwa wa nne ni mlinzi mwenyewe. Programu ya kukinga virusi hukagua kila faili inayoingia. Wengine huizima kabisa ili mchezo uje upesi. Hilo ni sawa na kumwondoa askari getini kwa sababu foleni ni ndefu. Kama imethibitishwa kwa kipimo kwamba yeye ndiye anayechelewesha, folda ya mchezo uliotoka duka halali yaweza kusamehewa ukaguzi. Geti lote lisiachwe wazi.

Mshukiwa wa tano ni masikio ya kompyuta, yaani kifaa cha waifai. Kama ni kile kidogo cha kuchomekwa, kisikae kando ya diski ya nje ya USB 3.0, kwa sababu vifaa vya aina hiyo hutoa kelele katika masafa yale yale ya gigahezi 2.4. Kitengeni kwa waya mfupi. Programu inayokiendesha ifanywe mpya, na ule mpangilio wa kukilaza ili kuokoa umeme uzimwe.

USALAMA NA AMANI YA NYUMBA

Yapo maneno mawili ambayo hatuwezi kuyaacha. La kwanza ni michezo ya wizi inayouzwa katika vijiti vya kumbukumbu, pamoja na programu zinazojidai kuongeza kasi ya intaneti. Hakuna programu iwezayo kuupanua mnara. Nyingi za namna hiyo huleta wadudu wanaoitumia laini yako kwa kazi za watu wengine, na hapo kompyuta iliyokuwa ikitembea huanza kutambaa. Kwa askari hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa kijiti kilichochomekwa nyumbani kesho huweza kuchomekwa ofisini. Kompyuta ya kazi isiguswe na michezo, na kijiti cha michezo kisivuke mlango wa ofisi.

La pili ni la nyumbani. Tangu Machi 2007 askari wa Uganda wamekuwa wakihudumu Somalia, na kwa familia nyingi mazungumzo ya mtandao ndiyo uzi unaomfunga baba au mama na watoto wake. Upakuaji usio na mipaka hujaza laini nzima. Maneno yanayosemwa kwa simu hulazimika kungoja nyuma ya gigabaiti za mchezo, sauti ikakatika, picha ikaganda. Mke aliyengoja wiki nzima kusikia sauti ya mumewe hapaswi kushindwa na mchezo wa kandanda. Kikomo kile tulichokilaumu, kikiwekwa kwa makusudi, huwa rafiki: mchezo upewe robo tatu ya kasi, robo ibaki kwa mazungumzo, au upakuaji upangiwe saa za usiku, watu wakiwa wamelala. Umeme ukikatika katikati, msiwe na hofu. Programu za maduka haya huendelea pale zilipoishia, tofauti na upakuaji mwingine ambao huweza kuanza upya.

Ndugu zetu askari, hakuna katika haya linalohitaji shahada wala fedha nyingi. Linalohitajika ni daftari, kalamu, simu ya kulinganishia na subira ya mpelelezi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ainameni kwanza chini ya meza mtazame kebo, msome jina la mtandao kwenye modemu, mfungue orodha ya kazi za kompyuta. Na kama baada ya yote hayo laini bado inasuasua usiku na mchana, nendeni kwa kampuni mkiwa na vipimo vilivyoandikwa kwa tarehe na saa. Mteja mwenye ushahidi mkononi ni vigumu kumfukuza na ahadi tupu.